Oili Inavujia Wapi? Safari ya Tarime, Machochwe na Issenye

Niliondoka Tarime mjini kwa sababu ya simu ya Mama Bhoke. Yeye ana boti ya kuvusha watu Mto Mara, huko chini ya Gorong'a, na wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameniletea injini ya boti hiyo karakana, imelazwa kwenye pikapu juu ya godoro. Nilimwaga oili ya zamani, nikaweka mpya, nikabadilisha filta, nikaiwasha ndani ya pipa la maji. Ikaunguruma vizuri. Nikamwambia aende kwa amani.

"Zuhura, injini yako inapiga kelele," alisema kwenye simu. Ilipokuwa nzima ilikuwa injini yake. Sasa imekuwa yangu.

"Kelele gani, mama?"

"Ile ya kuita. Taa nyekundu inawaka, inalia, halafu inajipunguza mwendo yenyewe. Juzi imetufanyia hivyo katikati ya mto na watu tisa ndani. Maji yametusukuma mpaka kwenye mawe ya viboko. Tumetoka kwa kupiga makasia na masufuria."

Nilimuuliza kama ameongeza oili. Akasema wameongeza, tena si mara moja. Nikamwambia asivushe mtu yeyote mpaka nifike.

Niseme ukweli, sikuwa na wasiwasi na kazi yangu. Marehemu baba alinifundisha injini tangu nikiwa msichana, na kwa miaka kumi na sita nimeshika za boti, za trekta na za mashine za kusaga. Nilijua watu wa boti wanavyopima oili vibaya. Nilikwenda kuwafundisha, nirudi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilifunga sanduku la spana nyuma ya pikipiki yangu, nikaweka galoni la oili, filta mpya na matambara, nikasema bismillahi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kabla ya Nyamwaga lami ilikuwa inang'aa. Baada ya Nyamongo nikaingia barabara ya udongo, na kuanzia hapo nilikwenda miguu yote miwili ikiwa chini. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Ng'ombe walinisimamisha mara mbili, na mara ya pili mchungaji alinisaidia kusukuma pikipiki kutoka kwenye tope bila hata kuuliza ninakwenda wapi.

Saa nne nilifika kivukoni. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi mazima. Mitumbwi ya makasia ilikuwa imepinduliwa juu ya nyasi, maana hakuna aliyethubutu. Mama Bhoke alikuwa amesimama na khanga kiunoni. Pembeni yake alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, mikono miwili juu ya fimbo, uso ameuelekeza mtoni lakini macho yake meupe kama yamepakwa chokaa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu pamoja.

"Huyu ni Mzee Nyamhanga," Mama Bhoke akasema. "Madaktari wa macho wako Mugumu, ng'ambo ya mto. Wanapokea wagonjwa wapya mpaka leo jioni tu, kesho wanamalizia waliowapokea. Kuzunguka kwa darajani atafika kesho."

"Mimi nasubiri tu," mzee akasema. "Kusubiri nimezoea. Miaka minne sijaona uso wa mtu."

Nahodha wa boti, Mwita, ni shemeji yake Mama Bhoke, mtu mzima mwenye mabega mapana. Yeye alikuwa na dawa yake tayari.

"Fundi, sisi tumeshaongeza oili mpaka inamwagika. Ni hiyo kengele imeharibika. Kata waya, tuvushe mzee."

"Mlipimaje?"

Akanionyesha. Boti ilikuwa imevutwa ukingoni, injini imeinuliwa, pangaboi likiwa hewani. Akachomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kimelowa hadi juu.

Nilifurahi moyoni, sikufichi. Nilijua nimepata nilichokitarajia. Nikawaambia injini ikiinama, oili yote inakimbilia upande mmoja, na kijiti kinadanganya. Tukaisukuma boti kwenye maji, tukaishusha injini ikasimama wima, tukangoja oili ishuke. Nikafuta kijiti, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Ncha ilikuwa kavu kabisa.

"Haa!" Mwita akashangaa.

"Kengele haijaharibika. Ilikuwa inawaambia ukweli."

Lakini hapo ndipo furaha yangu ilipopungua kidogo. Kama wameongeza oili mara kadhaa na bado hakuna, basi ilikuwa inatoka. Nilikamua tone la oili kiganjani kutoka kwenye tambara nililofutia kijiti. Haikuwa na weupe, kwa hiyo maji hayajaingia. Haikunuka petroli. Wala injini haikuwa imetoa moshi wa buluu, Mwita aliapa. Basi ilikuwa inavuja.

Nikafungua kifuniko cha injini. Chini kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na oili imetuama na vumbi limeganda juu yake. Ila palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Oili inashuka, upepo unaipeperusha, inakuchanganya. Nikajaza oili hadi kwenye alama. Nikafuta injini yote kwa tambara lenye petroli, nikaiacha wazi mpaka ikakauka na harufu ikaisha. Kisha nikamwomba Mama Bhoke unga wa muhogo.

"Una njaa?"

"Si mimi. Injini."

Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanipa bakuli zima. Nikapaka unga chini ya kifuniko cha juu, kuzunguka bolti ya kumwagia, kuzunguka filta. Injini ikawa kama keki; oili ikitoka popote, unga ungelowa hapo kwanza. Nikaiwasha ikiwa taratibu. Dakika kumi zikapita, unga mweupe vilevile.

"Umeona?" Mwita akasema. "Haivuji. Kata waya, fundi. Mzee anachelewa."

"Shemeji, kengele ikilia injini inapunguza mwendo ili isijiue. Ukikata waya haitalia, wala haitapunguza. Itakwenda kwa nguvu zote mpaka ishikane, na hapo utakuwa katikati ya mto na chuma kilichokufa. Utapiga makasia na huyu mzee?"

Mama Bhoke akamwambia Mwita, "Mura," yaani kijana, "mwache afanye kazi."

Nikawaza labda injini inavuja ikifanya kazi nzito tu, na kwenye pipa langu kule Tarime haikuwahi kufanya kazi nzito. Tukafunga kamba nene kutoka nyuma ya boti hadi kwenye mkuyu wa ukingoni, nikampa Mwita usukani, nikamwambia apandishe mwendo. Boti ikavuta kamba kama fahali. Maji yakachemka nyuma. Nikainama juu ya injini nikitazama unga.

Unga ulianza kulowa kwenye shingo ya filta. Doa dogo, kahawia. Kisha mstari ukashuka pembeni, ukakimbia, na unga wote wa upande ule ukalowa.

Nikazima. Nikadhani filta imelegea. Nikaikaza, tukajaribu tena, ikavuja tena. Basi nikaweka chombo chini yake nikaifungua kabisa.

Kila filta huja na pete yake ya mpira ya kuzuia oili. Niliikuta pale kwenye filta, nzima. Kisha nikapitisha kidole kwenye uso wa injini, pale filta inapokaa, nikagusa kitu laini. Pete nyingine. Ya filta ya zamani. Ilikuwa imeng'ang'ania kwenye chuma siku ile nilipoitoa, nyeusi juu ya nyeusi, nami nikafunga filta mpya juu yake. Pete mbili hazikai pamoja. Oili ikisukuma kwa nguvu, zinateleza.

Hakuna aliyeona. Mwita alikuwa anakunja kamba. Mama Bhoke alikuwa anampa mzee maji. Ningeweza kusema filta ilikuwa mbovu, na wangenishukuru. Nikawaza wale watu tisa wakipiga makasia na masufuria kuelekea kwenye viboko.

Nikashuka na pete mbili mkononi.

"Mama Bhoke, kosa ni langu," nikasema. "Hii moja nilitakiwa kuitoa nilipobadilisha filta. Sikuangalia. Mlipima vibaya, kweli, lakini aliyewamwagia oili ni mimi."

Alizichukua, akazigeuza.

"Katika wale tisa," akasema mwishowe, "kulikuwa na binti yangu Bhoke na mtoto wake mgongoni."

"Naomba unisamehe, mama."

"Nimekasirika. Nitakasirika mpaka kesho kutwa." Akanirudishia pete. "Sasa tengeneza."

Nilifuta uso wa injini kwa tambara safi, nikapitisha kidole mara tatu. Nikapaka oili kidogo kwenye pete ya filta mpya, nikaifunga kwa mkono mpaka ikashika, kisha nikakaza kidogo zaidi, nikajaza oili iliyopungua hadi kwenye alama. Nikapaka unga upya. Tukafunga kamba kwenye mkuyu, Mwita akapandisha mwendo, robo saa nzima. Unga ukabaki mkavu. Tukapima tena ikiwa wima. Oili ilikuwa palepale kwenye alama. Ndipo mimi na Mwita tukavuka peke yetu, tukarudi, na kengele haikusema neno.

"Sasa mzee apande," nikasema. Mama Bhoke alipanda kabla yake.

Saa saba na nusu tulikuwa ng'ambo, wilaya ya Serengeti, sisi na pikipiki yangu. Hapakuwa na bodaboda hata moja kwa sababu ya matope, kwa hiyo nikamfunga Mzee Nyamhanga mgongoni kwangu kwa khanga ya Mama Bhoke. Tukapanda hadi Machochwe kati ya mashamba ya mtama, kisha tukashika njia ya Mugumu.

"Wewe ni fundi mwanamke," mzee akasema nyuma yangu baada ya mwendo mrefu.

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia ukisema kosa ni lako. Sauti ilikuwa inatetemeka."

"Ilitetemeka."

"Lakini mikono yako kwenye usukani haitetemeki. Endesha tu."

Saa kumi jioni tulifika hospitali ya Mugumu. Nesi alikuwa anakusanya madaftari. Alimtazama mzee, akanitazama mimi niliyejaa tope mpaka kwenye nyusi, akafungua daftari tena. Nililala kwa shangazi yangu anayeuza vitambaa sokoni. Asubuhi nilipompelekea mzee uji, alikuwa ameandikwa wa tatu kwenye orodha ya upasuaji wa macho na ametulia kuliko mimi.

Ningeweza kurudi Tarime. Lakini usiku nilikumbuka kwamba wiki ile ile ya injini ya Mama Bhoke nilibadilisha pia filta ya trekta ya Mzee Makuru wa Issenye, aliyekuja nayo Tarime kubeba mbegu. Hakuwa amenipigia simu. Nilikwenda hata hivyo, njia nzima nikiomba Mungu.

Saa nne nilimkuta shambani, karibu na shule ya sekondari, anaangalia vijana wakipalilia.

"Fundi! Nani mgonjwa?" akauliza.

"Nataka kuangalia trekta yako, mzee. Filta ya oili."

"Inavuja?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Tukaenda kwenye trekta. Niliweka chombo, nikafungua filta, nikapitisha kidole kwenye chuma. Kilikuwa kisafi. Pete moja tu, imekaa mahali pake. Nilikaa chini kwenye majani pale pale.

Mzee Makuru alinitazama, halafu akaitazama trekta.

"Umetoka Tarime na matope haya kuja kuangalia kitu kizima?"

"Ndiyo, mzee."

"Mafundi wengine nawaita wiki tatu hawaji kwenye kibovu." Akaagiza maziwa ya mgando, akakaa kwenye gurudumu kunisubiri. "Kunywa kwanza. Halafu nifungie trekta yangu."

Nilikunywa kibuyu kizima. Kisha nikafuta uso wa injini, nikaupapasa kwa kidole, nikamwita yeye mwenyewe aje aupapase kabla sijafunga. Akapapasa, akaitikia kwa kichwa, na tangu siku ile hakuna filta inayofungwa karakana kwangu kabla mwenye injini hajaweka kidole chake pale.