Wingu la Malori Elfu Mbili

Bibi Mboni hakumwamini mtu anayeandika wakati mwenzake anazungumza. Kwa hiyo Mwalimu Didas alipoingia uani kwake na daftari, akaamkia kwa adabu zote, bibi aliitikia "Marahaba" kwa mkato wala hakumtolea kigoda. Mtu wa bara, suruali imepigwa pasi, ana shida gani na kikongwe?

"Nasikia unahamisha mawingu, bibi."

"Umesikia kwa nani?"

"Kijiji kizima."

"Basi kakiulize kijiji kizima."

Lakini tusidanganyane, jina hilo alilipenda. Miaka thelathini, kuanzia Vihingo mpaka Kisarawe mjini, mwali hakutolewa nje kwenye miezi ya mvua bila Mboni kuitwa. Atasimama uwanjani na mgwisho wake wa mkia wa ng'ombe, atapunga, atanong'ona, na wingu litajiendea zake. Akitoka hapo anakalishwa kwenye mkeka mpya na kuletewa firigisi ya kuku, kitu ambacho mwanamke mwingine hawekewi. Siri yake alirithishwa na mama yake: alijua kusoma upepo. Wingu lililokwisha kuamua kuondoka ndilo alilolifukuza. Akiliona lile sugu, linalokuja kwa hasira, husema, "Leo mkono wangu mzito, tafuteni mwingine." Siku alizokataa hakuna aliyezikumbuka. Watu ndivyo tulivyo.

Mwaka sabini na nne walihamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya Vihingo. Bibi Mboni alilalamika kama wenzake, tena kwa sauti, ila moyoni alishukuru. Kule porini, tangu mumewe afariki, majirani zake walikuwa nguruwe. Hapa alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mlango umeelekea njiani, na asubuhi haipiti bila mtu kuja kuomba moto au chumvi. Akiwafukuza kwa maneno, huku anawachotea.

Masika iliyofuata ikaharibu mambo. Mwezi wa tatu alizuia mvua kwenye ngoma ya binti wa mwenyekiti, Mzee Kondo. Tangu siku hiyo, wiki tano, hata tone. Mahindi ya shamba la kijiji yalijikunja. Mawingu yalitoka upande wa baharini, yakapita juu ya vichwa vyao na kwenda kumwaga ng'ambo ya bonde, kwa watu ambao hata hawakuwahi kupalilia vizuri!

Aliyeanza ni Mwanaamina, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Kufunga anajua, kufungua ndiyo kumemshinda?" Lisemwalo lipo, wakasema wengine. Watu wakaacha kuja kuomba moto. Mzee Kondo akaitisha mkutano: Mboni arudi porini kwake, peke yake.

Ndipo Mwalimu Didas, ambaye upuuzi ulimwasha kama upupu, alipoamua kumtetea kwa hesabu. Alipima kivuli cha wingu kilipokuwa kinapita shambani, akakisia upana wake, akajifungia na daftari. Bibi Mboni alimwona na kumtilia shaka zaidi. Wa kumtetea mtu anapima kivuli?

Mkutano ulifanyika darasani. Mwalimu alijaza ubao mzima.

"Ndugu zangu, lile wingu lina upana wa kilomita moja. Maji yaliyomo ni tani mia tano. Lakini wingu haliendi bila hewa inayolibeba, na hewa hiyo ina uzito wa tani milioni moja."

"Hewa ina uzito?" mtu alicheka nyuma.

"Inao. Sasa ukitaka kuisukuma ifikie mwendo wa baiskeli ndani ya dakika moja tu, unahitaji nguvu za malori elfu mbili, yote yamekanyagwa mafuta mpaka mwisho!"

Akaweka chaki, akapangusa mikono. Kwake yeye maneno yalikwisha. Nani duniani ana nguvu za malori elfu mbili? Hakuna. Basi bibi hana hatia.

Lo! Kila mwanamume pale alishawahi kusukuma lori lililokwama mchangani njia ya Kisarawe. Watu thelathini, lori moja, na migongo iliwauma wiki. Vichwa vikageuka taratibu kumtazama Bibi Mboni.

"Elfu mbili," Mwanaamina alinong'ona, akalisogeza benchi lake. "Na tunalala naye ukuta mmoja!"

"Ahsante sana, Mwalimu," alisema Mzee Kondo, jasho linamtoka. "Sisi tulidhani ni vinguvu vidogo vidogo."

"Sikusema anazo! Nimesema hakuna binadamu..."

"Mwalimu, umezipima mwenyewe. Kisicho­kuwepo kinapimwa?"

Mungu amsamehe bibi, maana kwa nukta moja alisikia utamu. Elfu mbili! Halafu mwenyekiti akatamka kwamba kesho jua lisimkute kijijini, na utamu wote ukamtoka. Akasimama.

"Sijawahi kuhamisha wingu hata moja, wanangu. Naangalia upepo. Linaloondoka, nasema nimeliondoa. Nimewadanganya tangu ujana wangu."

"Mchawi gani alikiri uchawi akiwa amebanwa?" Mwanaamina alidakia.

Hapo ngurumo ikasikika. Wote wakatoka mbio. Upande wa baharini wingu lilikuwa linakuja, jeusi, limeshiba.

"Haya, Bibi Mboni," alisema Mzee Kondo. "Lilete. Likinyesha hapa, utakaa."

Upepo ulimpiga bibi shavu la kushoto. Mtoto wa mama yake hakuhitaji kuambiwa: wingu hilo linakwenda bondeni. Siku nyingine angesema mkono mzito. Leo hakuwa na pa kukimbilia. Akainua mikono mitupu, mgwisho kauacha nyumbani.

"Njoo," alisema. "Njoo, mwanangu. Njoo hapa."

Wingu likaanza kukata kona. Bibi akalifuata. Alitembea, kisha akakimbia, yeye mwenye magoti mabovu, akilia na kuita, khanga imemwanguka mabegani, mpaka mwisho wa shamba alipojikwaa na kupiga magoti kwenye mahindi makavu. Ng'ambo ya bonde mvua ilishuka yote.

"Mmeona? Amelifukuza makusudi," alisema Mzee Kondo.

Lakini Mwanaamina alikuwa amemkimbilia, akawa wa kwanza kufika. Aliiona ile mikono mitupu bado inaliita wingu. Akajifuta macho kwa pembe ya khanga.

"Mwenyekiti, tumwache. Hata mimi wingu la juzi nililililia hivi hivi, nimejificha nyuma ya nyumba. Huyu hana kitu."

"Hana kitu?"

"Hana kitu. Mtu tu kama mimi. Akae."

Neno likapokelewa mdomo kwa mdomo. Hana kitu, bibi wa watu. Hana kitu, akae. Wakaanza kutawanyika, wengine wakicheka kwa haya.

Mwalimu Didas akachuchumaa, akamfunika khanga yake. "Umepona, bibi. Usilie tena. Nyumba ni yako."

Bibi Mboni alikuwa bado anaitazama mvua ya ng'ambo.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilidhani kidogo ninacho."