Mwanahisa wa Pili

Nilianza kuwaza habari ya kampuni baada ya turubai letu kunyanyuliwa na upepo Newala. Ilikuwa harusi ya mchana, kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na ukingo wa uwanda, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma kuanza chini. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri, nilizikagua mwenyewe. Lakini upepo ulipopanda kutoka bondeni, nguzo moja ya chuma ilichomoka na kumpiga shangazi wa bwana harusi begani. Akavunjika mtulinga.

Tulimpeleka hospitali tukabeba gharama za matibabu. Wiki iliyofuata wazee watatu wa familia ile walishuka hadi kwetu Masasi. Walikaa barazani wakapokea chai, na mazungumzo yote walimwelekezea mume wangu, ingawa biashara ya mapambo ilikuwa yangu. Mmoja wao, kwa sauti ya upole kabisa, aliuliza, "Ile mikorosho ya kule juu, bwana, ni ya kwako peke yako au ya ukoo?"

Hawakuuliza zaidi ya hapo. Shangazi alipona, tukamalizana nao kwa heri. Lakini swali lile halikuondoka nyumbani. Mume wangu si msemaji. Alikaa siku mbili, ya tatu akaniambia, "Mama watoto, mimi sijapamba harusi ya mtu. Lakini wamekuja kuulizia mikorosho ya marehemu baba. Tafuta namna, au uache."

Kuacha nisingeweza. Nilikuwa nimeacha kufundisha chekechea kwa ajili ya kazi ile, nikaanza na maua ya plastiki na mashuka yangu mwenyewe. Nikaenda kwa afisa biashara. Alikuwa mtu wa kueleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kuhesabu, na mimi nilikuwa nachezesha mguu chini ya kiti muda wote.

"Ukisajili kampuni yenye ukomo wa dhima," alisema, "kampuni inakuwa mtu. Ina jina lake na mali yake. Ikidaiwa, inadaiwa yenyewe. Mikorosho ya mumeo haimo."

"Naweza kuisajili leo?"

Alicheka kidogo. "Unahitaji mwenzako kwanza. Wanahisa wasipungue wawili."

Mwenzangu nilikuwa naye. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mkubwa kwangu kwa miaka saba, mjane anayeishi Newala. Kwa miaka tisa tulikuwa tunafanya kazi pamoja bila karatasi yoyote. Mimi naongea na wateja na kupanga ukumbi, yeye anashona. Vitambaa vyote vya viti, mapazia ya jukwaani na vitambaa vya meza vilipita kwenye cherehani yake. Wateja wa Newala na Tandahimba walikuwa wanamfahamu yeye kabla yangu. Nilimpigia simu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi ile.

"Tunafungua kampuni, wifi. Nipe namba yako ya kitambulisho cha taifa."

"Sina," alisema. "Mashine ilinikataa."

Sikujua. Tulikuwa karibu kiasi kile na sikujua. Wifi alikuwa amebangua korosho tangu msichana, kwenye kikaango nyuma ya nyumba, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemla ngozi ya ncha za vidole. Alipokwenda kuandikishwa, alama hazikusoma. Akaambiwa arudi, akarudi, hazikusoma tena. Baada ya hapo aliona aibu, akaacha.

Nilipanda Newala kesho yake nikamchukua hadi ofisi ya vitambulisho. Aliweka vidole kwenye kioo, binti wa pale akavifuta kwa kitambaa, akavibonyeza, akavifuta tena. Mwisho akasema, "Mama, usishike korosho kwa wiki kadhaa. Pakaa mafuta mazito asubuhi na jioni, ngozi irudi. Halafu uje."

"Wiki ngapi?" niliuliza mimi.

"Mpaka irudi, dada."

Wifi alitii. Aliacha kikaango, akawa anapaka mafuta ya nazi na kuvaa soksi mikononi anapolala. Aliyeshindwa kungoja ni mimi. Kila asubuhi nilimpigia kumwuliza vidole vinaendeleaje, hadi siku moja akaniambia, kwa utulivu, kwamba ngozi haioti haraka kwa kupigiwa simu. Nilikuwa nimeshachagua jina la kampuni mara nne, na mara tatu mtandao wa usajili ulilikataa kwa kufanana na la mtu mwingine. Nilikuwa naingia kwenye duka la steshenari kila siku kutumia mtandao wao, hadi dada wa pale akawa ananivutia kiti kabla sijasalimia. Nilikuwa napika na kuunguza. Ukiniona barabarani ungedhani kuna mgonjwa nyumbani.

Halafu ikaja kazi ya jubilei ya kanisa. Kamati ilitangaza kwamba inataka mpambaji, na kwamba safari hii itapokea barua za kampuni zilizosajiliwa tu. Walitoa wiki tatu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuona Masasi, ya siku tatu mfululizo, na wageni kutoka mbali.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu wa sekondari, tuliyekua naye mtaa mmoja chini ya miamba mikubwa ya Masasi. Kitambulisho alikuwa nacho, namba ya mlipakodi alikuwa nayo. Nilimweleza jambo lenyewe tukiwa tunatoka sokoni, na kabla hatujafika kwake alikuwa amekubali. Nikampa hisa arobaini katika mia, na nafasi ya mkurugenzi. Nilijiambia kwamba wifi ataelewa. Nilijiambia pia kwamba nitamweleza nikipanda Newala, na sikupanda.

Wakili alitusainisha ofisini kwake, fomu ya maombi, katiba ya kampuni, na fomu ya ahadi ya uadilifu, ya kuahidi kutotoa rushwa. Alituangalia juu ya miwani akaniuliza, "Huyu ndiye mwenzako wa biashara?"

"Ndiye," nilisema. Nikasaini haraka.

Cheti kilikuja kwenye simu siku ya Jumanne. Nilikisoma nimesimama, nikakisoma nikitembea, nikampelekea mume wangu shambani picha yake. Alijibu kwa neno moja, "Vizuri." Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, wifi akaingia uani kwangu. Alikuwa ameshuka na gari la asubuhi bila kunijulisha, na hiyo haikuwa kawaida yake.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba." Alikaa mkekani, akafungua pindo la khanga akatoa kipande cha karatasi. "Nimepata namba. Vidole vitatu vimesoma vizuri, vingine wamesema vinatosha."

Alikuwa anatabasamu. Ningeweza kutafuta uongo, na kwa kweli niliutafuta, lakini sikuupata. Nikamweleza yote kuhusu jubilei, wiki tatu za kamati na mwalimu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ana hisa ngapi?"

"Arobaini."

"Anajua kushona?"

"Hapana."

"Kufunga turubai?"

"Hajui, wifi."

Aliitazama ile karatasi. "Sasa miaka yote hii," alisema, "mimi nilikuwa nani?"

Aliirudisha karatasi kwenye pindo, akafunga fundo, akainuka. Ugali ulikuwa jikoni na nilimwomba akae ale. Akasema ana safari. Mume wangu aliporudi na kusikia kwamba dada yake mkubwa ametoka nyumbani kwake bila kula, aliweka jembe chini akaenda kunawa. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kazi ya jubilei tuliipata. Siku mbili kabla, basi lilishusha viroba sita kutoka Newala. Vitambaa vyote vilikuwa ndani, vimefuliwa na kupigwa pasi, na juu ya kila kiroba karatasi yenye idadi kwa mwandiko wake. Hakukuwa na neno jingine. Yeye mwenyewe hakuja.

Nilipamba na vibarua. Hapo ndipo nilipoelewa ni mambo mangapi yalikuwa yakifanyika bila mimi kuyaona. Pazia la jukwaa lilining'inia upande mmoja na sikujua alikuwa akilishikiza wapi. Vitambaa vya viti vilikuwa na upande wake wa mshono, nikavivalisha kinyume, nikavivua, nikavivalisha tena. Mkurugenzi mwenzangu, mwalimu, alifika siku ya kilele amevaa gauni zuri, akakaa mstari wa tatu, akapiga makofi. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na kazi. Kamati ilishukuru, watu walipiga picha, lakini mimi kwa siku zote tatu macho yangu yalikuwa kwenye ile pembe ya pazia.

Jumatatu nikapanda Newala. Njia nzima nilipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta kwenye cherehani barazani. Aliitikia shikamoo yangu lakini hakuusimamisha mguu, na nilisimama pale nikipaza sauti kuushinda mlio wa mashine.

"Nimekosa, wifi."

"Kosa lipi?"

"Niliogopa kuchelewa. Nikamweka mtu mwingine mahali pako."

Ndipo akasimamisha mashine. "Kuogopa kuchelewa si kosa, ndivyo ulivyo. Nimekufahamu hivyo tangu siku ya kwanza ulipoletwa kwetu. Kosa ni kwamba hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia weka mwingine kwa sasa, kazi isipotee. Ningesema hivyo hivyo."

Nilikaa chini, kwenye saruji. Niliamini kwamba angesema hivyo. Yote niliyokuwa nikiyakimbia yangemalizika kwa simu moja.

Baadaye alileta maji ya kunywa, tukaongea mambo ya watoto, halafu akasema kama anayeendelea na habari hiyo hiyo, "Nusu."

"Nusu nini?"

"Hisa. Hamsini kwako, hamsini kwangu. Na karatasi nitazisoma mwenyewe kabla ya kusaini. Sitaki kusomewa."

Nilikubali. Kwangu ilikuwa kutoa kumi, jambo dogo. Kubwa lilikuwa kumwendea mwalimu na kumwomba arudishe arobaini zake. Nilikwenda jioni ya siku iliyofuata, akanisikiliza mlangoni bila kunikaribisha ndani.

"Kwa hiyo ulinihitaji kwa ajili ya namba," alisema.

"Nilikuwa na haraka."

"Najua. Hata mimi nilidhani ni urafiki, nikafanya haraka."

Alisaini hati ya kuhamisha hisa na barua ya kujiuzulu ukurugenzi mbele ya wakili yule yule, akaniaga kwa adabu. Tukikutana sokoni tunasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, lakini hajakanyaga tena uani kwangu, wala mimi kwake. Kisha nilimpeleka wifi kwa wakili yule. Alimpa wifi katiba ya kampuni, naye akavaa miwani yake akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma saa nzima. Mimi nilitoka nje mara tatu, nikazunguka stendi, nikanunua karanga nisizozila, nikarudi, bado anasoma. Alipofika kwenye kifungu cha kujiuzulu kwa wakurugenzi alinyanyua kichwa akamwuliza wakili maswali mawili ambayo mimi, niliyeisaini kabla yake, sikuwahi kuyafikiria.

Ndivyo tunavyofanya kazi sasa. Mume wangu anaiita kampuni "yule mtu wenu", na nadhani ndiyo namna yake ya kusema ameridhika. Wifi ndiye anayesoma mikataba. Juzi tulikaa na baba mmoja anayemwoza binti yake Newala mwezi ujao. Mimi nilikuwa nimeshafungua simu kumwonyesha rangi, na tulikuwa tumebakiza kusaini tu. Wifi akauzuia mkataba kwa kiganja.

"Baba, wageni mia tatu, na Newala maji ni ya kununua. Maji ya kupikia na kuoshea vyombo yanatoka wapi?"

Yule baba alikuna kidevu. "Maji nilidhani mnakuja nayo."

"Haikuandikwa," wifi alisema, akanigeukia mimi. "Andika, maji ni ya mwenye shughuli."

Nikaandika.