Mlango wa Kulia

Asubuhi ya leo nilikuwa kwenye gereji moja hapa Shinyanga mjini, mkono kiunoni, nikimfokea kijana wa watu, ndipo alipofungua kopo la puti ya kuzibia mabati na pua yangu ikanisaliti. Unaijua harufu ile, rafiki yangu? Kali, yenye utamu kidogo kwa mbali, inapanda mpaka nyuma ya macho. Nikanyamaza ghafla. Kijana akadhani nimeridhika na maelezo yake. Wapi! Nilikuwa nimeshaondoka pale gerejini. Nilikuwa Segese, uani kwa Bibi, nina miaka saba, nimefumbata kiazi kikavu ninakitafuna polepole ili kisiishe.

Gari lenyewe ni lilelile, pikapu ya Babu. Babu alitutoka miaka mingi iliyopita, na Bibi, aliyenilea, tumemzika mvua hizi zilizopita. Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu: tangu tumzike sijadondosha hata chozi moja. Msibani nilikuwa mtu wa masufuria na maturubai, nani kala, nani hajapata pa kulala. Wakasema huyu mwanamke ana roho ngumu. Jamani! Sina roho ngumu mimi. Nilikosa pa kulilia tu, na nikikusimulia habari ya gari hili utanielewa.

Segese ya utoto wangu ilikuwa na usingizi mwingi. Malori ya mgodini yalipita mbali, tukasikia mngurumo tu, na vumbi lake lilichelewa kufika, likatua juu ya michembe iliyoanikwa kwenye majabali. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani, na kazi yetu watoto ilikuwa kuigeuza na kufukuza mbuzi. Ukilala chali kwenye jabali lile, joto la jiwe linapanda mgongoni, unasikia njiwa, unasikia kinu cha jirani, twi, twi, na kwa mbali unasikia pikapu ya Babu inarudi. Tuliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Bodi yote ilikuwa inacheza, kila bati likiongea lugha yake.

Ilibeba pamba, ilibeba magunia ya mchele wa kuwauzia wachimbaji wa Mwakitolyo, ilibeba kwaya na wagonjwa. Ndiyo iliyombeba mama yangu siku ya uchungu, nikiwa na miaka mitano, na ikarudi bila yeye wala mtoto. Siku hiyo Babu alishuka, akafunga mlango wake wa dereva, akaegemeza paji la uso kwenye bati, akalia. Nilikuwa nimesimama pale karibu na jiko nikimtazama. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, na sikumwona tena.

Sasa sikia kosa langu. Nyumbani kwetu tulisema Kisukuma. Kiswahili nilikutana nacho shuleni, na neno la kwanza kulishika lilikuwa la mwalimu: "Wewe, acha kulia!" Maana nilikuwa mtoto wa machozi, sikufichi. Ya mkono wa kulia na wa kushoto sikuwa nimefundishwa bado, au nilifundishwa nikiwa nimesinzia. Basi nilipomsikia Babu akimlalamikia mtu kwa Kiswahili kwamba mlango wa kulia haufungi vizuri, sikuona ajabu yoyote. Si nilimwona mwenyewe akilia pale? Nikajua kila gari Mungu amelijalia mlango mmoja wa watu kuingilia, na mwingine wa kulia.

Nikaanza kuutumia. Nikichapwa, mlangoni. Nikimkumbuka mama, mlangoni. Bati lile lilikuwa na bonde lililopigwa na fahali mmoja mkorofi, na kichwa changu kiliingia humo sawasawa. Asubuhi lilikuwa la ubaridi, mchana linaunguza kidogo, na lilinuka kutu na pamba. Nikawafundisha na watoto wa jirani. Kuna siku tulipanga foleni: huyu mbuzi wake amekufa, yule amenyimwa kwenda mnadani. Hakuna kusukumana kwenye mlango wa kulia; sheria hiyo niliitunga mimi na niliisimamia kwa makofi. Watu wazima walituona, wakadhani ni mchezo.

Basi mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, akaposwa na watu wa Nyarugusu. Ng'ombe wakaja, vigelegele vikapigwa, ikapangwa kwamba Jumamosi Babu atampeleka mwenyewe kwa gari lake. Lakini kufikia wakati huo mlango wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na madigadi mawili ya mbele yameliwa na kutu mpaka unaona tairi kupitia humo. Bibi akasema neno moja tu: "Mwanangu haendi kwa wakwe ndani ya gari lenye bandeji." Babu akaondoka na basi kwenda Shinyanga.

Alirudi na mabati mapya yamefungwa kwenye magunia: madigadi mawili na mlango. Aliuziwa na Mhindi wa duka la spea, mzaliwa wa hapohapo, aliyekuwa anaongea Kisukuma cha kututia aibu. Babu alisema yule bwana hakumficha: "Mzee, hizi si orijino, ni za kopi. Zitakaa, lakini kwanza zitakusumbua." Bibi akayagusagusa yale mabati, meusi, laini, akacheka. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema, akaenda zake kupepeta mtama.

Fundi akaja na sanduku lake la mbao na kopo la puti, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa anayasemesha mabati. Kwanza aliyapachika makavu, bila rangi, nati akizishika kwa vidole tu. "Usikaze kabla hayajasalimiana," alikuwa akisema. Madigadi yasalimie boneti, boneti lisalimie nguzo, na mlango, zamu yake ikifika, utoe shikamoo kwa wote, maana ndio mgeni wa mwisho. Halafu anachukua kijiti cha kiberiti, anakipitisha kwenye mwanya kutoka juu mpaka chini. Kikikwama juu, analegeza anaanza upya. Matundu ya kopi yalikuwa yamekosea kwa upana wa ukucha, akayapanua kwa tupa, kwii, kwii, kutwa nzima, nami nikilala jabalini na sauti ile ikaingia mpaka ndotoni. Ilikuwa wiki nzuri. Ningependa kukuambia ilikuwa nzuri mpaka mwisho.

Alhamisi fundi akang'oa mlango wa zamani, akauegemeza kwenye ua wa minyaa, akamwambia Babu: "Mlango wa kulia umechoka kabisa, mzee. Huu ni wa kuuza chuma chakavu."

Umechoka! Nikajua ni mimi niliyeuchosha, mimi na foleni yangu. Na sasa unaondoka, na machozi ya Babu aliyomlilia mama yangu yamo humo, yanakwenda kuyeyushwa pamoja na masufuria mabovu. Ule mpya ulikuwa hauna hata bonde la kuweka kichwa. Nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga, nikawaza, nikapata jibu. Mlango wa kopi ulikuja bila bolti, kwa hiyo fundi alikuwa amezilowesha bolti nne za bawaba za zamani ndani ya kopo la mafuta ya taa. Bila hizo, mlango mpya haupandi, na nyingine za saizi ile hazikupatikana Segese. Nikazichukua zote nne, nikazizamisha kwenye kapu la michembe la Bibi.

Ijumaa asubuhi hazionekani. Wakatafuta chini ya gari, kwenye majivu, kwenye mchanga. Harusi ni kesho. Jirani mmoja, mama mwenye mdomo usio na mlango, akasema kwa sauti ya kusikika: "Atakuwa keshaziuza machimboni huyo. Mafundi ndio zao." Fundi alivua kofia yake, akatandika gunia, akamwaga sanduku lake zima mbele ya Babu, akaanza kukionyesha kila kifaa kimoja kimoja. "Mzee," akasema, "mimi ni maskini wa vitu, si wa jina."

Babu alimwambia aviokote vifaa vyake, hakuna aliyemshuku. Lakini jirani alikuwa ameshasema, na neno likishatoka halirudi. Nilikuwa nyuma ya mtungi. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka, ila ulimi uligoma.

Chungu ndicho kilichosema. Michembe ya mchana alikuwa anaipika bi harusi mwenyewe, ambaye akili yake ilishatangulia Nyarugusu, na aliimimina chunguni bila kuosha. Maji yalipochemka ikaanza kusikika sauti, ko, ko, ko-ko. Fundi akainua kichwa taratibu, akatega sikio.

"Mama," akamwambia Bibi, "hicho chungu chako kina bolti."

Bibi akachovya mwiko, akatoa ya kwanza. Ikatoka ya pili. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa uani, mama mdogo akajishika kichwa, "Yalaa, michembe yangu!" Ilipotoka ya nne, macho yote yalikuwa kwangu, maana mimi tu ndiye niliyekuwa nalia.

"Ng'wanone," Babu akaniita, mwanangu, "kwa nini?"

"Mkiweka mlango mpya tutalilia wapi?"

Hawakunielewa. Nikaeleza yote kwa kwikwi: kwamba huu ni mlango wa kulia, kwamba wewe Babu ulimlilia mama hapa, kwamba sisi nasi tunalilia hapahapa, na ule mpya haujui kitu. Fundi akaanza kucheka, akamwona Babu, akaacha. Jirani akajifanya anaitwa kwake. Babu alikaa juu ya sanduku la fundi, na mimi nikangoja fimbo.

Akanyoosha mkono. "Huu ndio wa kulia," akasema. "Huu tunaokulia ugali. Na mlango ulioko upande wake ndio huitwa wa kulia. Ni upande tu, ng'wanone." Nikautazama mkono wake na zile nyufa zake. Kisha akageuka akautazama mlango wa zamani pale kwenye minyaa, sauti ikamshuka. "Lakini hujakosea sana."

Akamgeukia fundi. "Ukimaliza gari, huu nifungie kwenye jiko la mama huyu. Hauuzwi." Halafu akanishika mkono, akanipeleka mbele ya fundi, nikapiga goti nikaomba radhi. Fundi aliniwekea bolti moja kiganjani, bado ya moto, akaniambia niishike mpaka atakapoihitaji. Jioni ile mlango mpya ulipanda, kijiti kikapita juu mpaka chini bila kukwama, usiku mabati yakapakwa rangi, na Jumamosi mama mdogo aliondoka akipunga mkono kutoka kwenye pikapu nyekundu ambayo haikupiga kelele hata moja. Michembe ilimwagwa. Kuku wenyewe waliikataa.

Na jiko la Bibi likawa na mlango wa gari. Mlango kamili, na kioo chake cha kuzungusha kwa mkono. Moshi ukizidi, Bibi anashusha kioo. Watu walitoka Kahama kuja kuuona. Foleni yetu ikahamia pale, na tulipokua ikabaki ya Bibi peke yake. Mara nyingi nilimwona akitoka jikoni akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Moshi huu," alikuwa akisema. Hata siku ambazo moto haukuwa umewashwa.

Babu alipofariki nililia hapo. Baadaye tulimhamishia Bibi mjini kwangu, jiko likaanguka kwa mvua, na niliporudi kutazama, wakusanya vyuma chakavu walikuwa wameshapita na mlango wetu. Hakuna aliyejua walikwenda njia ipi. Majabali yapo, ila hakuna anayeanika michembe. Watoto wa siku hizi wanaiita chakula cha wazee. Na sasa ule mlango mpya, ule niliouchukia mpaka nikapika bolti, nao umeoza. Ndiyo maana niko gerejini, na mabati mengine ya kopi yapo sakafuni.

Kijana alikuwa ameanza kukaza kwa mashine, grrr, bila kupima. Hapo ndipo niliporuka. "Legeza! Usikaze kabla hayajasalimiana!"

"Mama, mabati yanasalimiana?"

"Yanasalimiana. Legeza."

Akalegeza huku anacheka. Nikataka kijiti cha kiberiti, gereji nzima hawana, wote wana vibiriti vya gesi. Mwishowe akatoa kadi ya laini ya simu, akaipitisha kwenye mwanya, juu mpaka chini, ikapita. "Umeona?" nikamwambia. Akaniuliza ule mlango wa zamani aupeleke kwenye chuma chakavu, nikasema hapana, kwangu kuna jiko la nje. Kisha nikamtuma akaniletee maji ya kunywa, ya duka la mbali.

Nikaufunga mlango mpya taratibu. Ukaingia bila kugonga. Bati lilikuwa laini, halina bonde la fahali, halina vumbi la Segese, na halikuwa limeliliwa na mtu yeyote. Nikaweka paji la uso karibu na kitasa, nikamlilia Bibi yangu.