Wakulima Wote Waliohesabiwa ni Mimi

Admin, nifiche kabisa. Hili sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi: wale wakulima wa Bunda ambao mtaalamu kathibitisha kwamba karibu wote wanatumia browser moja, yaani programu moja ya kufungulia mtandao, ni mimi. Mimi peke yangu, kwenye kiti cha plastiki.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na nafanya kazi kwenye steshenari hapa Bunda. Nina aibu sana, mteja akinisalimia kwa sauti namjibu nikiangalia kibodi. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia wakulima wa pamba maombi ya mbegu na dawa kwenye tovuti ya chama chao. Mtu anakuja na kitambulisho, anakaa, ananitajia, nachapa. Kutwa nzima, kompyuta moja, browser ileile.

Wiki iliyopita akaja mtaalamu wa chama kutoka Musoma, shati kachomekea, laptop mbili. Sijui mtu mmoja anafanyia nini laptop mbili. Akamwonyesha bosi wangu mduara wa takwimu, kila browser na kipande chake cha rangi.

"Unaona? Tovuti inahesabu kila anayeingia na browser anayotumia. Takwimu za kuaminika hizi. Watu wenu wameshahamia kwenye kompyuta. Ule ukurasa mwepesi wa simu ndogo tunaufuta Ijumaa ya wiki ijayo."

"Futa tu, mkuu," bosi akacheka. Kwa nini asicheke? Ukifutwa, wote watakuja kwake.

Mtaalamu na miaka yake yote ya chuo, hakuuliza hata swali moja: hawa wote wanaingia kwa mashine ngapi? Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Yeye alikuwa anahangaika kuchagua rangi ya mduara.

Nikataka kujua ukweli. Nikatafuta mtandaoni takwimu za browser wanazotumia watu. Tovuti moja inasema hivi, nyingine vile, na zote zinahesabu nchi nzima kana kwamba Kibara ya huku kwetu na Dar ni mtaa mmoja. Basi nikachukua daftari, nikaanza kuuliza watu waliokaa kwenye benchi letu.

"Shikamoo, mama. Ukiingia mtandaoni unaingia na nini?"

"Marahaba. Na bando, mwanangu. Kwani wewe unaingiaga na nini?"

Benchi zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilijifunza kitu ambacho mtaalamu hajajifunza: nikaacha kuuliza, nikawaomba wanionyeshe. Wengi walibonyeza kile kialama chekundu, browser nyepesi isiyomaliza bando. Ukurasa unazunguka, unazunguka, wanachoka, wanakuja kwangu. Na usipofunguka hadi mwisho, namba inayohesabu wageni chini ya tovuti haisogei, yaani huyo hajahesabiwa. Nilihakikisha kwa simu ya mama mdogo.

Mama mdogo analima pamba Kibara na mguu wake mmoja ni mbovu. Yeye huvumilia mpaka ukurasa ufunguke, anatuma maombi yake mwenyewe, hapandi gari kuja Bunda. Ijumaa ndiyo wanamfungia mlango, kwa ushahidi niliouchapa mimi.

Bosi aliliona daftari. "Hii nayo ni takwimu? Umehesabu mabibi wa kwenye benchi?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba wale wa mtaalamu sio watu, ni vidole vyangu. Nikasema, "Samahani, kaka." Nikarudi kuchapa. Nawadharau wote wawili, lakini siku ile nilijidharau zaidi mimi. Na kila fomu ninayojaza tangu hapo, najua nawaongezea mkulima mmoja wa uongo kwenye mduara wao.

Mtaalamu atakuja tena Ijumaa asubuhi kabla ya kufuta. Nikisema mbele yake, bosi atanifukuza, na nyumbani kwetu ni mimi tu nina kazi. Nikinyamaza, mama mdogo atakuwa anaburuta mguu barabarani kila msimu, na nitakuwa namjazia fomu nikimwangalia usoni. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Semeni nami kama mtoto wenu.

Ila mkishasoma, naomba sana, ibaki kwetu sisi tu. Msimtag mtu yeyote wa Bunda. Bosi asiyasikie haya kwa mtu mwingine kabla sijapata ujasiri wa kumwambia mwenyewe.