Mashine Nzito Niliyomuchagulia Mudogo Wangu

Admini, ficha jina langu, maana mama na mudogo wangu wanasomaka page hii.

Niko mwanamke wa miaka 33, ninauzisha mafuta ya mawese hapa Walikale, ninalea watoto wawili peke yangu. Papa alipofariki niliacha shule nikiwa wa tano sekondari ili mudogo wangu asome. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenizuia pia.

Alipoingia institut kule Bukavu, akasema bila ordinatere, kompyuta yake mwenyewe, hatamaliza. Nilikuwa na dola 260. Nilishuka Bukavu mwenyewe, nikazunguka maduka saba. Wauzaji wananionyesha zile nyembamba za kung'aa, mimi ninawauliza: batri inatoka? Mémoire inaongezeka? Bawaba ni za chuma ao plastiki? Mmoja akacheka: "Mama, unanunua ordinatere ao jembe?" Nikamwambia, "Jembe njo lilinilisha."

Nikachagua nene, nyeusi, iliyotumika ofisini: giga nane, SSD, kilo mbili na nusu, batri mbili za saa tatu-tatu, maana umeme ni wa kubahatisha. Vyote dola 235. Ndani, chini ya batri, nikakwaruza herufi ya jina la papa na msumari. Nikamupatia mudogo wangu, nikarudi Walikale ndani ya kamio ya mizigo, juu ya magunia ya chumvi, siku nne, mgongo unauma, roho imetulia.

Miezi mitano ikapita, mudogo wangu akapiga simu: "Yaya, ile mashine imekufa." Nilijilaumu msimu mzima wa mvua. Mimi mwanamke wa soko, nani alinituma kuchagua vitu vya watu waliosoma? Mama naye hakukosa neno: "Ungetuma mwanaume."

Wiki iliyopita kijana mmoja akasimama mbele ya meza yangu. Alikuwa analala chumba kimoja na mudogo wangu, sasa amemaliza, anarudi kwao. Akatoa mashine ndani ya sakoshi. Niliijua kabla hajaiweka chini.

"Yaya, na hii njo niliandika TFC yangu yote, ile kazi ya kumaliza masomo. Haikunisumbua hata siku moja. Ninaiuza dola 120, nikasema nianzie kwako, wewe njo uliichagua."

Nikatoa batri. Herufi ya papa iko pale.

Kumbe mudogo wangu alibadilishana naye, akachukua ile yake nyembamba na kuongeza dola 40 za frais ya masomo nilizomutumia, kwa sababu wenzake waliita yangu jiwe la kusagia. Nyembamba ikavunjika bawaba kisha miezi miwili, kioo kikazimika, batri imegandishwa ndani, fundi akashindwa. Hiyo njo "iliyokufa".

Nikamupigia. "Yaya, walikuwa wananicheka."

"Mimi pia walinicheka, dukani. Nikalipa."

Akauliza kama ninaweza kuinunua nimurudishie. Mama yuko upande wake: "Mununulie, mutoto amebakisha mwaka mmoja. Yeye njo mwanaume wa nyumba."

Kitu wasichojua: mwaka jana nilifanya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, kama autodidacte, bila kuingia darasani. Nilisomea sokoni, nyuma ya mabidoni, nikapata 57%. Institut ya hapa inaandikisha mwezi huu. Nikitoa frais ya kuanzia, ninabaki na dola 130.

Kijana anarudi kuchukua jibu siku ya soko. Mashine ni moja. Wasomaji, niambieni bila kunihurumia: nimununulie yeye, ao nijinunulie mimi? Na kama ni mimi, nitamwambia mama nini?