Prezida na Moto Isiyolia

Mathieu Kamate, prezida wa parkingi ya moto, pikipiki zetu za abiria, pale mtaa wa Saio, alikuwa mtu mzuri. Naanza na hilo ili msije mkasema namsengenya. Alitoka Butembo na mke wake na mkoba mmoja, akamzika mke hukuhuku Bunia, watoto akawasukuma mpaka kila mmoja akapata kwake. Moto yake aliiosha kila jioni kabla ya kula. Akikuambia atakufikisha, utafika. Jirani akipandisha nyumba ya mabati, Mathieu alikuja na nyundo yake kusaidia, bila kinyongo. Mali ya mtu haikumsumbua hata kidogo. Wivu wake wote ulikuwa juu ya mtu mmoja, Emérance, muuza mandazi, yule tunayemwita Mama Fanny.

Emérance alikimbia vita vya Djugu na binti yake, huyo Fanny. Wanaume wa kwao walikwisha kule. Alipanga chumba kimoja Saio, akaanza kukaanga mandazi, na kila asubuhi alipeleka mabeseni yake mawili soko kuu. Mathieu ndiye aliyempeleka, tangu ile miaka bunduki zilipopunguza kusema, ile amani yetu ya kulala na viatu karibu na kitanda. Beseni moja mbele juu ya tenki, la pili kwenye magoti ya Emérance, na Emérance mwenyewe nyuma ya mgongo wa Mathieu. Pale parkingi kila mtu alijua. Mama Fanny akitokea kwenye kichochoro, hakuna kijana aliyethubutu kuwasha moto. Yule ni abonee wa Prezida, mteja wake wa kila siku.

Sasa niambieni, mwanaume aliyepita miaka hamsini, anayewanyamazisha vijana kwa kukohoa tu, anaogopa nini kumwambia mjane kwamba anampenda? Alisema moyoni atamwambia baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Akasema akishanunua viti vipya vya nyumbani. Viti vikaja, vikakaa na nailoni yao. Mambo ya kusema alikuwa nayo tele, lakini moto inanguruma, barabara ina mashimo, na mama ameshika beseni. Kwa hiyo kila siku aliuliza yaleyale, umekaa vizuri, nikurudie saa ngapi, na kila siku alirudi parkingi ameridhika kama mtu aliyekula. Alijihesabu kuwa na mke aliyebaki kuambiwa tu.

Halafu esanse, petroli yetu, ikapanda bei. Mara mvua imekata barabara, mara magari ya mafuta yamezuiwa yangoje msafara wa askari, mara mpaka umefungwa kule juu. Wauzaji wa chupa kando ya barabara walikuwa na bei ya asubuhi na bei ya mchana. Abiria wakaanza kutembea kwa miguu. Wamotari wakapandisha nauli, wakagombana na kila mtu. Mathieu kwa Emérance hakupandisha. Kwa hilo mpeni sifa yake. Ila ili aweze, akaanza kununua ile esanse ya magendo iliyochanganywa na mafuta ya taa, na moto yake safi ikaanza kukohoa moshi mweusi. Kufika soko, mandazi yalikuwa yananuka taa. Wateja wakanung'unika. Emérance akamwambia mara moja kwa upole, akamwambia tena. Mathieu akacheka, akasema moshi haujaua mtu. Akaendelea kununua ileile.

Ndipo Néhémie akaja na moto ya batri. Alikuwa kijana wa watu, mpole, alikaa Aru muda mrefu akibeba mizigo ya mpaka, na huko akainunua ile moto kwa wafanyabiashara waliokuwa wanazitoa Uganda. Saio nzima ilicheka. Haina bomba la moshi, haina kiki, ukiigusa inaondoka kimya kama paka. Juu ya bati la mjomba wake aliweka panno za sola, batri moja inakula jua huku nyingine iko barabarani. Watu walisema haitapanda kilima. Ikapanda. Wakasema mvua itaiua. Ikanyeshewa, ikaendelea. Bei ya esanse ikiongezeka, yeye nauli yake ilikaa palepale, na vijana waliocheka wakaanza kumzungukia wakiuliza maswali.

Jumatatu moja Emérance alitokea kwenye kichochoro na mabeseni yake. Mathieu akawasha. Emérance akamsogelea, akamwambia Papa Mathieu usinielewe vibaya, wateja wanakimbia kwa ajili ya ile harufu, acha nijaribu ya huyu mtoto. Mathieu akasema hakuna shida. Shida ilikuwepo, tena kubwa. Roho ilimuuma mpaka akasahau kuzima moto yake, ikawaka pale bure ikila ile esanse ya bei ghali, na yeye ameganda anaangalia barabara.

Ingekuwa shida ni moshi tu, ingeisha. Angebadilisha esanse, angeomba msamaha, basi. Kilichomchoma ni kwamba wale wawili waliongea. Moto ile haina kelele, kwa hiyo mama amekaa nyuma anasimulia, kijana mbele anajibu, wanacheka, utadhani wako sebuleni. Siku moja Mathieu akawafuata kwa mbali hadi soko. Akamwona Emérance anampiga Néhémie kofi dogo begani kwa kicheko. Kofi lile Mathieu alilibeba wiki nzima. Wanaongea nini? Kijana ambaye Emérance angeweza kumzaa! Akanunua shati jipya. Akajipaka marashi mpaka abiria wakapiga chafya. Usiku aligeuka kitandani akijitungia maneno yao, na yale maneno aliyoyatunga ndiyo yaliyozidi kumkasirisha.

Wamotari wa Saio hukutana Jumapili baada ya misa, na huko ndiko mambo ya parkingi yanakokatwa. Mathieu alisimama akiwa amevaa lile shati. Akasema parkingi yao inaishi kwa bidoni la esanse wanalonunua pamoja, na asiyenunua hajulikani ni wa nani. Akasema moto isiyolia ni hatari katika mji kama huu, mahali ambapo watu wakisikia nyayo gizani wanakusanya watoto. Akasema siku moja itafika kimya kwenye bariere ya askari, mmoja atashtuka, na risasi haitauliza nani alikuwa nyuma. Si uongo wote, hapo ndipo ubaya wake ulipo. Watu kweli walikuwa wanashtuka. Wengine wakaitikia kwa kichwa, na wengine, ambao abiria wao walikuwa wamekwisha kuhamia kwa batri, wakaitikia kwa nguvu zaidi. Ikakatwa kwamba Néhémie hana ruhusa ya kubeba mtu Saio. Kijana hakubishana. Alisema tu, nimesikia, Papa Prezida, akaichukua moto yake na kuondoka nayo.

Wakati huo Emérance alikuwa amesimama pembeni na kitenge chake cha kanisani, kama mtu mwenye neno la kusema. Mathieu alimwona. Akanyoosha kola, akajiweka tayari. Lakini Emérance alisikia hukumu ile mpaka mwisho, akageuka, akarudi alikotoka. Mathieu akajiambia kesho atapanda, hana njia nyingine.

Kesho yake Mathieu alikuwa ameweka esanse safi kabisa, ya bei ile inayotia machozi. Emérance akatokea. Akamsalimia vizuri, akauliza habari za watoto, halafu akampita. Beseni moja kichwani, lingine kiunoni, akashika barabara kwa miguu. Vijana wa parkingi wote wakaangalia matairi yao. Ikawa hivyo siku zilizofuata, salamu, kisha mgongo.

Na kutembea na mabeseni mawili si mchezo, kwa hiyo alipatikana wa kumsaidia. Hippolyte alikuwa shemasi wa kanisa lao, mjane pia, kichwa kimeng'aa, mtu wa maneno machache. Zamani naye alikuwa motari. Esanse ilipomshinda aliuza moto, akarudia baiskeli, akawa anabeba makala, makaa ya kupikia, akiisukuma. Pale parkingi walimtania kwamba amerudi shule ya msingi. Mtu wa baiskeli haingii kwenye sheria ya wamotari, hakuna aliyemfikiria. Basi Hippolyte akafunga mabeseni nyuma ya baiskeli, akawa anaisukuma, Emérance anatembea kando yake, kutoka Saio mpaka soko, kila asubuhi. Na Mathieu, yule mwenye macho ya kuona kofi la begani kutoka mbali, alipowaona alipumua. Alisema moyoni, afadhali huyo. Mzee wa makala, na jasho lake! Hata alimpigia honi kumsalimu.

Alivumilia hivyo mpaka mvua zikaisha. Kisha alasiri moja akamwona Emérance anarudi kutoka soko peke yake, mabeseni tupu yamepandana kichwani. Akamfuata polepole na moto, akaongea, injini ikameza maneno. Akaongea kwa nguvu, watu wakageuka. Emérance hakupunguza mwendo. Ndipo Mathieu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya na abiria. Akazima, akashuka, akaanza kuisukuma moto kando yake, anahema. Akamwuliza kosa lake ni nini. Akaongeza, maskini, kwamba alimfukuza yule kijana kwa ajili yake yeye, kwa sababu hawezi kuona mwanaume mwingine anachekeshana naye, na kwamba anataka kumwoa.

Emérance alisimama. Akamgeukia, si kwa hasira.

"Papa Mathieu, Néhémie ni mukwe yangu. Iko anaoa Fanny."

Fanny alikuwa Aru kwa mama mdogo wake, anashona nguo. Huko ndiko Néhémie alikomwona. Asubuhi zote zile, nyuma ya moto isiyolia, Emérance alikuwa anasikia habari za mtoto wake na za mahari, siku itakuwa lini, wazee watakuja wangapi.

"Siku ile ya mukutano nilikuja kukuomba kitu," Emérance akaendelea. "Wanaume ya kwetu walikwisha. Siku ya mahari nani atakaa kwa kiti ya baba? Nilisema moyoni, ni weye. Miaka hii yote weye ndiye ulitubeba. Nikafika, nikakuta unafukuza mutoto."

Mathieu akasema atafuta ile sheria leo hii. Akasema Néhémie arudi hata kesho, yeye mwenyewe atamwomba msamaha mbele ya parkingi nzima.

"Ufute, ni vizuri," akasema Emérance. "Ila kiti nilishapatia mutu."

Hakusema ni nani, akashika njia yake. Mathieu alifuta sheria kweli, akaomba msamaha kweli, mbele ya wote, na Néhémie, aliyelelewa vizuri, akasema yameisha. Tena akamwomba Papa Prezida aongoze msafara wa upande wake siku ya mahari, maana mjomba alikuwa mgonjwa wa miguu. Mathieu akakubali haraka. Alijipa matumaini yake. Alijua Emérance ana kaka wa mbali huko Mahagi, akafikiri ndiye aliyeitwa, atakaa kwenye kiti siku moja, ale nyama, arudi kwake. Watu wa kwao wakishaondoka, mambo mengine yangeweza kuzungumzwa taratibu.

Siku ikafika. Wamotari wa Saio walitoka wote, wamefunga majani kwenye moto, honi mpaka masikio yanaziba, na Néhémie katikati yao kimya. Kwa Emérance walitandika turubai, wageni wakakaa pande mbili kama inavyopaswa. Fanny alikuwa amefunikwa kitenge, shangazi wanamzuia asicheke. Msemaji akataja vitu kimoja kimoja, na kila kimoja kiongozi wa upande wa kijana, yaani Mathieu, akakipeleka katikati. Kitanda cha mama. Jembe. Koti la baba. Mwishoni wakaleta mbuzi, dume kubwa jeupe, na Mathieu akaishika kamba. Msemaji akauliza, baba wa binti yuko wapi, aje apokee mkononi.

Hippolyte akasimama.

Alikuwa amelivaa lile koti lililoletwa sasa hivi, linampwaya mabegani, na kichwa chake kinang'aa. Alikuja mpaka katikati, akanyoosha mikono yote miwili. Mathieu aliangalia upande wa wanawake. Emérance hakuwa anamwangalia yeye. Vijana wa parkingi wakaanza kupiga makofi, shangazi wakapiga vigelegele, na mama mmoja akapaza sauti kwamba leo Mama Fanny amepata Papa Fanny, watu wakacheka kicheko cha kukubali, kicheko cha jambo ambalo kila mtu alikwisha kulijua.

Kamba ilikuwa imezunguka mara mbili kwenye ngumi ya Mathieu. Aliikunjua mwenyewe, akamkabidhi.

"Aksanti, Prezida," Hippolyte akasema.

Mbuzi akaruka, akajisugua kwenye koti jipya, akaliachia manyoya meupe. Emérance akainuka kwenye mkeka, akaja, akaanza kumpangusa Hippolyte manyoya yale kifuani, taratibu, na yalipokwisha yote hakuuondoa mkono.