Jazi Iliyomrudisha Seremala Sebuleni

Mama Vifungo, aliyepachikwa jina hilo kwa kushona sare za shule tangu usichana, alikuwa mwanamke wa maneno. Mumewe, seremala, alikuwa mwanamume wa kumsikiliza. Ndoa yao ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri, mpaka mume alipoacha kusikiliza.

Alianza kwa kunyamaza mezani. Kisha ikawa wageni wakiingia, yeye anachukua kofia anatoka, eti kuna mlango wa mteja unamsubiri karakanani. Ukimuuliza habari ya sukari, anakujibu habari ya mvua. Mama Vifungo akavumilia, lakini alishawasikia wanawake wenzake wakisema kwamba mume akiwa bubu nyumbani, basi ana domo kwingine.

Jioni moja uzalendo ukamshinda. Akiwa ameinamia cherehani, akauliza bila kumtazama, "Mume wangu, umenichoka?"

"Sana," mume akajibu, huku akivua viatu. "Tangu asubuhi."

Akaenda zake kuoga. Sketi iliyokuwa mikononi mwa Mama Vifungo ikapata mifuko miwili upande mmoja.

Hakumwambia mtu. Akala kidogo, akalala kidogo, akawa anawakagua wanawake wote wa mtaa kwa jicho la pembeni, akijiuliza ni yupi.

Jumapili moja mchana akaja mkwe wake, mke wa mwanawe, ambaye ni msusi. Alileta albamu ya muziki.

"Mama, hebu sikia hii. Pale saluni mtu anamaliza kusukwa, haondoki!"

Akaiwasha kwenye spika ya sebuleni. Ilikuwa jazi, mpya kabisa, ila imerekodiwa kizamani. Kinanda, besi ile kubwa ya mbao, ngoma inayosuguliwa kwa brashi kama mtu anayefagia sakafu bila haraka, na mwanamke mmoja aliyesogea karibu kabisa na kipaza sauti. Hakuna vyombo vya kumfukuza wala kwaya ya kumfunika. Alilitoa kila neno zima zima, kisha akaliacha lipumue kabla ya kuleta jingine.

Seremala alikuwa mlangoni, kofia kichwani. Akasimama. Akarudi, akavuta kigoda mpaka mbele ya spika, akaketi. Mwimbaji akalalamika kwamba amefunga dirisha, lakini mvua bado inaingia.

"Mbao mbichi hizo," seremala akasema. "Zimekauka, zikapinda."

Mkwe akaangua kicheko. Mama Vifungo hakucheka. Mume wake alikuwa hajatia neno kwenye mazungumzo ya sebuleni tangu lini?

"Kwani umesikia alivyosema?" akamuuliza. Mume alikuwa amempa kisogo, hakujibu. Akauliza tena. Akamgusa bega, na alipogeuka, macho yake yalikuwa yanalengwa na machozi.

"Huyu namsikia," akasema. "Kila neno. Nyinyi siku hizi mnanong'ona."

"Tunanong'ona? Mimi?"

Seremala akavua kofia. "Nadhani ni masikio. Ile mashine ya kupasulia mbao, miaka yote hiyo. Niliona haya kusema. Watu wakicheka nami nacheka, wala sijui wanacheka nini. Nikaona heri nikakae na mbao, haziulizi maswali."

Mama Vifungo akaketi sakafuni mbele yake, mdomo wake auone. "Siku ile nilikuuliza kama umenichoka. Ukasema sana."

"Si uliniuliza kama nimechoka?"

Wakatazamana.

"Nikuchoke wewe, niende wapi?" mume akasema.

Mama Vifungo akacheka mpaka akashika ubavu, akalia humohumo ndani ya kicheko. Mkwe, asiyejua lolote, akapunguza muziki akidhani kuna msiba.

"Usipunguze!" wakamwambia kwa pamoja.

Wiki hiyo wakaenda hospitali. Daktari akathibitisha kwamba usikivu umepungua, akampa seremala kifaa cha kuvaa sikioni. Siku za mwanzo alinung'unika: vijiko vinapiga kelele, cherehani inamfokea. Siku akichoka nacho, anakivua. Mama Vifungo naye amejifunza kumgeukia na kumaliza sentensi moja kabla ya kuanza nyingine, jambo ambalo mama yake mzazi alishindwa kumfundisha. Wageni wakija, mume yupo, amekaa katikati, anawakatiza kama mtu mwenye deni la maneno, na mke anamwacha aseme.